Msiba tunauchangia, uuguzi unatushinda

Mimi ni mwanasaikolojia hapa Tanga, na kazi yangu kubwa ni kukaa vikao na familia zenye mzee aliyepooza au aliyeanza kusahau. Karibu kila kikao kina daftari. Moja silisahau: majina ya watoto saba kushoto, miezi juu, mistari imepigwa kwa rula. Januari wote wametoa elfu hamsini hamsini za pampasi, dawa na nauli ya kliniki. Februari wametoa wanne. Kuanzia Aprili limebaki jina moja, la binti anayeishi na baba.

Wale sita si watoto wabaya. Walipanga uuguzi kama tunavyopanga msiba, wenye siku yake na mwisho wake. Uuguzi hauna tarehe, na akili ya binadamu hukadiria muda vibaya sana. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu watamaliza lini. Kwa wastani walisema siku 34, wakatumia 55. Hata walipotakiwa kukadiria mambo yakienda mrama kabisa, walifika siku 49 tu. Familia ya daftari lile iliposema "tujiandae kwa miezi mitatu", iliamini imeshafikiria baya kuliko yote. Baba aliuguzwa miaka minne.

Mtego wa pili unaniuma zaidi kwa sababu tumeuvika adabu. Mwanasaikolojia Neil Weinstein alionyesha mwaka 1980 kwamba wanafunzi wa chuo huko Marekani waliona mabaya yana nafasi ndogo ya kuwapata wao kuliko wenzao. Sisi tuna matumaini hayohayo, na juu yake tuna uchuro. Muulize mzee mwenye afya atauguzwa na nani, uone utakavyonyamazishwa, hata na wale wanaoiona hatari.

Kwa upande wa fedha, wachumi Richard Thaler na Shlomo Benartzi walipata njia ninayoitumia. Wafanyakazi waliokubali mapema kukatwa sehemu ya nyongeza zao za mishahara zijazo, akiba yao ilipanda kutoka asilimia 3.5 ya mshahara hadi 13.6 ndani ya miezi 40. Nami huziomba familia ziahidi kile ambacho bado hakijafika mkononi: nyongeza ya mshahara, zamu ya upatu, mauzo ya nazi ya msimu ujao. Kutoa kilichokwisha kuzoeleka mfukoni ndiko kunakouma.

Lakini huanza na swali, mzee akiwa bado anatembea. Mwaka jana nilimuuliza mama mmoja mbele ya wanawe: "Mama, ikifika siku ya kuogeshwa, ungependa akuogeshe nani?" Kijana wake mkubwa akainama. Mama hakusita: "Asiwe mwanangu wa kiume, wala mkwe. Mtafuteni mtu, alipwe kwa kodi ya kile chumba cha uani." Wanawe walikuwa wameshakubaliana kwamba kazi hiyo ni ya mkwe.