Je, wajua kwa nini mteja wako haoni stetasi yako ya WhatsApp?

Chukua mama anayeuza dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Ana wateja wa kudumu, wengine wanatoka Shinyanga na Tabora, na namba yake ya simu ameiandika kwa maka peni ubavuni mwa ndoo. Kila asubuhi anaupiga picha mzigo, anauweka stetasi, anasubiri. Jioni akiangalia nani ameona, anakuta majina yaleyale: dada yake, wenzake wa kikoba, jirani, wauza dagaa wa meza za pili. Wateja hawamo. Anajiambia labda hawana bando, au mambo ya mtandaoni ni ya wenye maduka makubwa.

Sababu si hiyo. Stetasi ya WhatsApp humfikia mtu pale tu ninyi wawili mmeseviana namba. Wewe uwe umemsevu yeye, na yeye awe amekusevu wewe. Upande mmoja ukikosekana, hakuna anachoona. Kuna mteja alikupigia mara moja, mkaelewana bei, akatuma hela, mzigo ukamfikia salama, akafurahi kabisa, lakini namba yako hakuisevu. Huyo stetasi zako zote zinampita. Siku akitaka tena atahangaika kuitafuta namba kati ya simu zilizopigwa, na akiikosa atanunua kwingine.

Orodha ya matangazo nayo ina mtego huohuo. Ni ile njia ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi bila kufungua kundi; orodha moja hubeba hadi watu 256. Ila ujumbe unawafika wale tu waliosevu namba yako. Unaweza kutuma kwa watu mia mbili wakapata thelathini, nawe usijue.

Ndiyo maana nasema kazi ya kwanza ya kutangaza mtandaoni inafanyika mezani, mteja akiwa bado amesimama mbele yako. "Kaka, nisevu Dagaa Kirumba, na mimi nakusevu hapahapa. Mzigo mpya ukiingia utauona." Angalia jina hilo. Akikusevu kwa jina lako au la mwanao, baada ya miezi mitatu hakumbuki wewe ni nani. Akikusevu kwa bidhaa na mahali, siku anatamani dagaa ataandika "dagaa" kwenye simu yake na wewe ndiye utakayetokea. Na umuombe kwanza. Kuzoa namba za watu kwenye makundi na kuwarushia matangazo ni usumbufu, WhatsApp inaweza kukufungia namba wakikuripoti, na nchi yetu tangu mwaka 2022 ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Idadi ya walioona nayo isikukatishe tamaa haraka. Mtu aliyezima tiki za bluu anaweza kuitazama stetasi yako na jina lake usilione.

Sasa, akishaifungua, anaona nini? Hapa ndipo wengi wanapoteza. Mnunuzi wa dagaa ana hofu mbili, mchanga na unyevu. Dagaa walioanikwa chini hubeba mchanga, walioanikwa kwenye chanja huwa safi, na kwa mbali wote wanafanana. Picha ya gunia lililofungwa haimtoi hofu yoyote. Rekodi video fupi asubuhi, jua likiwa bado pole. Chota dagaa kwa kiganja, vunja mmoja karibu na simu ili mlio wa ukavu usikike, kisha waachie wote waanguke kwenye sinia jeupe. Kama kuna mchanga utabaki pale kwenye sinia, kila mtu auone. Kama haupo, umemjibu mteja kabla hajauliza.

Halafu andika bei. Sado moja kiasi gani, ndoo kiasi gani, gunia kiasi gani. Mtindo wa "bei njoo inboksi" naupinga kwa nguvu zote. Mtu yuko kwenye daladala ya Buhongwa, mkono mmoja ameshika bomba, mwingine simu. Hawezi kuanza mazungumzo ili ajue tu kama hela yake inatosha. Wengi pia wanahofia kwamba bei itapangwa kulingana na sura au jina lao. Anapita kimyakimya, nawe unadhani hakuvutiwa.

Stetasi inadumu saa 24 tu, hivyo mteja anahitaji sababu ya kurudi kuitazama kesho. Sababu hiyo wachuuzi wa kanda ya ziwa wanayo tayari, ila hawaitumii. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, samaki wakifuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazina nguvu ya kuwavuta. Wavuvi wengi hupumzika wakashona nyavu, na mzigo sokoni hupungua. Giza likirudi, dagaa wanarudi. Mwanza nzima inajua, lakini mama wa Tabora anayekaanga dagaa wa kuuza hana habari. Mwandikie: "Mbalamwezi inaanza wiki hii, mzigo utapungua, mwenye kutaka awahi." Wiki mbili baadaye: "Giza limeingia, dagaa wapya kesho asubuhi." Akishaona mara mbili kwamba ulichosema kimetokea, atakuwa anakuuliza wewe hata kabla hajanunua. Matangazo ya namna hii hayagharimu kitu, na ni ya kweli.

Kwa mteja wa mbali kuna ukuta mwingine, woga wa kutapeliwa. Nchi hii ambayo kila mtu amewahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", hutarajii mtu wa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka hapa, akutumie hela kwa sababu ya picha. Lipa namba inasaidia, kwa kuwa kabla hajathibitisha malipo jina lililosajiliwa hujitokeza kwenye simu yake. Hakikisha linafanana na lile unalotangaza. Likija jina la mtu asiyemfahamu, anaghairi papo hapo, na ana haki. Mzigo ukipakiwa kwenye basi, mtumie picha ya kifurushi na ya risiti bila kungoja aulize.

Hayo yote ni kwa wanaokujua. Wasiokujua wanakuja kwa njia nyingine, na hapo naipa Google nafasi ya kwanza. Abiria ameshuka kwenye meli kutoka Nansio, simu imepasuka kioo, anaandika "fundi simu karibu nami". Google hupanga majibu kwa mambo matatu makubwa: biashara inaendana kiasi gani na alichoandika, iko umbali gani kutoka alipo, na inafahamika kiasi gani, yakiwemo maoni ya wateja waliopita. Fundi wa Makoroboi ambaye hajajiandikisha hayumo kwenye hesabu hata akiwa hatua ishirini kutoka kwa huyo abiria. Kufungua Wasifu wa Biashara wa Google (Google Business Profile) ni bure. Google itataka uthibitisho tu, mara nyingi video ya eneo lako la kazi. Na kwa mji wetu, ambako nyumba za Mabatini na Igogo zimepanda juu ya mawe na maelekezo ni "ukifika kwenye jiwe kubwa kata kushoto", alama moja kwenye ramani inakuokoa na simu nyingi za "niko hapa, sikuoni".

Facebook ninaiweka nyuma kidogo. Januari 2018 kampuni hiyo ilitangaza kuwa itatanguliza posti za ndugu na marafiki kuliko za kurasa za biashara. Ukurasa wenye "laiki" elfu moja hauna maana kwamba watu elfu moja wanaona. Kwa biashara ndogo, kuposti kwenye makundi ya wauzaji na wanunuzi wa Mwanza kuna faida zaidi. Matangazo ya kulipia yasubiri mpaka video yako imeshauza bure. Kama haikumvuta aliyekujua, haitamvuta mgeni.

Utajuaje kipi kinafanya kazi? Weka daftari mezani. Kila mteja mpya muulize, "Umenipataje?" na uandike jibu mbele ya jina lake: stetasi, ramani, kundi, kaletwa na fulani. Mwisho wa mwezi hesabu. Ukikuta wengi wameletwa na shemeji yako wa Kahama anayerusha picha zako kwenye stetasi yake, mtumie sado ya dagaa kwa basi la kwanza, na mzigo mpya ukiingia video yake apate yeye kwanza.