Mafuta ya makonyo ni safi, ila si usafi wa kemia

Ukifika Wawi, Chake Chake, kisiwani Pemba, harufu ya kiwanda cha mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) hukupokea kabla ya mtu. Mafuta yake ukiyatia kichupani yanang'aa, hayana taka wala hayakuchanganywa na kitu. Basi wanafunzi wengi, na wazee wao pia, huyaita dutu safi. Sivyo.

Neno "safi" ndilo linalotuponza. Nyumbani, safi ni kisicho na uchafu. Kwenye kemia ni kitu cha aina moja tu: elementi moja au kampaundi moja (elementi zilizoungana). Mafuta ya karafuu yana eugenoli kwa wingi, ile inayotia ganzi ulimi, lakini mna na kariofileni na vyenginevyo. Ni mchanganyiko uliotoka mtini hivyo hivyo.

Usafi huu hujulikana hata kwa kuchemsha. Maji safi kweli huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi usawa wa pwani, na hubaki hapo mpaka yakauke. Ya bahari, yenye gramu kama 35 za chumvi kwa kilo, huanza juu kidogo na kuzidi kupanda kila yakipungua. (Ya chupa nayo yana madini, lebo isikuzuge.)

Sukari nyeupe, ijapokuwa ina kaboni, haidrojeni na oksijeni, inakaribia sana kuwa dutu safi: vitatu hivyo vimeshaungana kuwa kampaundi moja.