Udenda kwa Watoto Wadogo: Maswali na Majibu

Mwanangu ana miezi 4 na udenda unamtiririka mchana kutwa. Je, anaumwa?

La, ikiwa ananyonya vizuri, amechangamka na hana homa. Umri huu mate huongezeka, ilhali mtoto hajazoea kuyameza kila yanapojaa, wala hajaota meno ya mbele ya kuyazuia. Kwa wengi hali hii hupungua kati ya miezi 18 na 24 bila dawa yoyote.

Bibi yake anasema ni meno ya plastiki, na yang'olewe.

Ugonjwa huo haupo. Uvimbe mweupe unaoonekana kwenye ufizi ni chonge la utotoni linalojiandaa kuota, na anayelichokonoa kwa spoku ya baiskeli humwachia mtoto jeraha linaloweza kuvuja damu nyingi, kutunga usaha au kuingiza pepopunda. Bibi aelezwe kwa heshima, lakini mtoto asipelekwe kung'olewa. Homa inayosingiziwa meno, hasa hapa Kigoma penye malaria, ipimwe zahanati.

Kidevu na shingo vimetoka vipele. Nifanyeje?

Futa kwa kugandamiza kitambaa laini, usisugue. Kausha mikunjo ya shingo, kisha paka mafuta ya mgando kidogo. Kitambaa cha kifuani kibadilishwe kila kinapolowa, na kivuliwe mtoto anapolala kisije kikamkaba.

Ni lini nimkimbize hospitali?

Udenda unapoanza ghafla na mtoto akashindwa kumeza. Kwetu, ambako mtoto huonjeshwa mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, mapema, mwiba uliokwama kooni ni jambo la kufikiriwa kwanza. Usimsukumizie tonge la ugali, kwani huweza kuuzamisha zaidi, wala usiingize kidole kooni. Betri bapa ya rimoti ni hatari kuliko mwiba, maana huweza kuunguza umio ndani ya saa 2. Akiwa na homa kali, anakoroma anapovuta pumzi na anapenda kukaa ameinama mbele, usimlaze chali kwa nguvu: mbebe alivyokaa hadi kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni.

Ametimiza miaka 4 na bado anadondosha.

Hapo achunguzwe. Huenda pua imeziba, mafindofindo yamekua, au misuli ya mdomo ni dhaifu, kama inavyotokea kwa wenye mtindio wa ubongo, ambao husaidiwa kwa mazoezi ya kufumba mdomo na kumeza na kwa kukalishwa kichwa kikiwa wima.