Barafu ya Kibo na mito ya Bonde la Pangani

Nikisema kazi yangu ni kupima maji ya Bonde la Pangani, swali huwa ni lilelile: barafu ya Kilimanjaro ikiisha, mito itakauka? Najibu kwamba mito inaweza kukauka kweli, ila barafu haitakuwa na hatia.

Tupige hesabu. Mwaka 1912 barafu ya Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki pungufu ya 2. Mimi nitakuwa mkarimu: tuseme ni 2 kamili, na kila mwaka zinapoteza tabaka la maji lenye kina cha nusu mita. Hizo ni mita za ujazo milioni 1. Zigawe kwa sekunde za mwaka mzima, unapata kama lita 32 kwa sekunde. Mfongo mmoja, ule mfereji wa Wachaga wa kumwagilia vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, unaweza kubeba maji hayo. Bonde lenyewe lina zaidi ya kilomita za mraba 40,000, kuanzia milima ya Meru na Kilimanjaro mpaka Bahari ya Hindi.

Na hizo lita 32 nimezipendelea, maana barafu nyingi ya kule juu haigeuki maji kabisa. Simama kwenye kreta, mbele ya ule uwanja wa barafu wa kaskazini. Ukuta umesimama wima, unaumiza macho kwa mng'ao, na jua linachoma shingo huku hewa ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Mahali jua linapoupiga sawasawa utaona matone mawili matatu. Kisha tazama miguuni: ni majivu ya volkano, makavu, yanatimka vumbi ukiyapiga teke. Sehemu kubwa ya barafu inatoka kwenye ugumu na kuwa mvuke moja kwa moja, bila kupitia hali ya maji. Ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19, hewa ya Afrika Mashariki ilipozidi kuwa kavu. Theluji mpya ikikosekana, uso wa barafu unakuwa mweusi kidogo, na uso mweusi hunywa jua zaidi. Uzito wa ongezeko la joto duniani katika kisa hiki ni jambo ambalo watafiti wamelibishania sana.

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona theluji karibu na ikweta; alipoiripoti, wasomi wa London wakakataa kuamini. Alikuwa sahihi. Tangu hapo macho ya wageni hayajashuka kutoka kileleni, na yetu yamefuata.

Maji yenyewe yako chini zaidi. Kileleni ni jangwa la baridi. Ukishuka upande wa kusini hadi msituni, kwenye mwinuko wa mita 2,000 hivi, mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Endelea kushuka hadi tambarare za kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu, inabaki karibu 500. Kwa hiyo mlima umevaa mkanda wa maji kiunoni. Juu ya mkanda huo, kwenye miti ya erika, hata siku isiyo na mvua ukungu unapita na kunaswa. Shika kuvumwani, yale manyoya ya kijani yanayofunika magome, ukamue kama dodoki: maji yanateremka mpaka kwenye kiwiko.

Maji hayo huzama kwenye mwamba wa volkano na kuibukia mbali, katika chemchemi kama Njoro, Miwaleni na Chemka. Mto Kikuletwa hukusanya maji ya Meru na ya Kilimanjaro magharibi, Mto Ruvu huleta ya mashariki pamoja na ya Ziwa Jipe, na mito yote miwili huingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo ni Mto Pangani, mitambo ya umeme ya Hale na Pangani Falls, kisha bahari.

Ndiyo maana mimi naogopa moto kuliko jua. Mwaka 2005 mtafiti Andreas Hemp alionyesha kwamba mioto imeushusha ukingo wa juu wa msitu, na kwamba hasara yake kwa maji ni kubwa kuliko ya barafu kutoweka. Oktoba 2020 mlima uliwaka, Oktoba 2022 ukawaka tena. Picha za barafu inayoyeyuka husambaa kila mwaka, lakini za erika zilizoungua hazina soko.

Niliwahi kupita kwenye eneo kama hilo saa moja asubuhi, ukungu umetanda kiasi cha kutoona hatua kumi mbele. Nilishika gome la erika lililoungua. Mkono ulitoka mweusi na mkavu, na ukungu ukaendelea na safari yake.