Taa ya O/D OFF ikiwaka, ovadraivu imezimwa

Tulikuwa tumeshaiacha Chalinze, tunaitafuta Morogoro, shemeji yangu akiwa kwenye usukani wa Corolla yangu kuukuu ya otomatiki. Kwenye dashibodi kuna kitaa cha njano kinachosema O/D OFF, na kilikuwa kinawaka. Injini inalia kama mashine ya kusaga.

"Shem, mbona umezima ovadraivu?"

"Sijazima, nimeiwasha," akanijibu kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni. "Huoni taa hiyo? Hapo tunasevu mafuta."

Huyo alikuwa wa tatu kunipa somo hilo. Wa kwanza ni dalali wa magari, aliyeniapia kwamba OD ni "turbo ndogo". Wa pili ni kijana wa gereji, mwenye grisi hadi kwenye viwiko, ambaye ningetegemea ajue. Nikaona niandike.

Ovadraivu ni gia ambayo shafti inayotoka kwenye giaboksi huzunguka haraka kuliko injini yenyewe. Kwenye magari mengi ya otomatiki yenye gia nne, ndiyo hiyo gia ya nne. Maana yake imeishia hapo.

Kinachotuvuruga, nadhani, ni lile "ova". Kiswahili tumeyapokea maneno kadhaa yenye kichwa hicho na kila moja limekuja na tabia yake. Ovataimu ni kazi iliyozidi saa za kawaida. Ovadozi ni dawa iliyozidi kipimo. Ovaroli inavaliwa juu ya nguo nyingine. Kuovateki ni kulipita gari lililo mbele. Sasa mtu akisikia ovadraivu, akili yake inakwenda moja kwa moja kwenye ovadozi: kuendesha kulikopita kiasi, nguvu iliyozidishwa, gari limepigwa sindano. Kumbe neno hili ndugu yake ni kuovateki. Kuna kinachompita mwenzake, na kinachopitwa ni injini.

Chukua giaboksi ya U340E, ambayo Toyota waliifunga kwenye magari yao mengi madogo ya miaka ya 2000. Gia yake ya tatu ina uwiano wa 1.000, yaani mzunguko mmoja wa injini kwa mmoja wa shafti. Hapo injini na shafti wanakwenda sare: injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, shafti nayo 3,000. Gia ya nne ni 0.700. Hapo ili shafti ipate mizunguko ileile 3,000, injini inatosha kuzunguka 2,100. Mizunguko 900 kila dakika imeokolewa, na gari liko kwenye mwendo uleule. Ndiyo "ova" yenyewe: shafti imeipita injini. Nguvu haijaongezeka hata chembe. Kusema kweli nguvu ya kuvuta imepungua, kwa sababu kwenye gia huwezi kupata mwendo na mvuto kwa pamoja. Ukiongeza huku unapunguza kule.

Neno lenyewe ni la zamani kuliko otomatiki tunazozijua. Chrysler waliuza magari yenye ovadraivu tangu mwaka 1934, na Waingereza baada ya vita walikuwa na mtambo wa Laycock-de Normanville, kifaa cha peke yake kilichofungwa nyuma ya giaboksi ya kawaida ya kukanyaga klachi. Dereva alikuwa anakiwasha na kukizima kwa swichi. Kwa hiyo enzi zile kusema "nimewasha ovadraivu" kulikuwa sahihi kabisa: ulikuwa unawasha kitu ambacho kabla ya hapo kilikuwa kimelala.

Otomatiki zikaja kuigeuza hadithi. Bei ya mafuta ilipopanda baada ya 1973, watengenezaji wakaiingiza ovadraivu ndani ya giaboksi yenyewe kama gia ya kawaida ya safari. Sasa ndiyo hali ya kila siku. Ukiweka D na kuondoka, ovadraivu ipo, inakusubiri uchanganye mwendo. Kitufe kilichobaki pembeni ya mkono wa gia kazi yake ni kuizuia. Na taa inawaka kukukumbusha kwamba umeizuia.

Fikiria duka lenye kibao cha "Tumefunga". Likiwa wazi, kibao kimelazwa kaunta na hakuna anayekiona. Kikitundikwa mlangoni, mteja gani atasema duka limewashwa? Taa ya O/D OFF ni kibao hicho. Ikizimika, duka liko wazi na gia zote nne zinafanya kazi. Ikiwaka, ya nne imefungwa na gari litaishia tatu hata ukienda nalo mpaka Tunduma. (Ikiwa inawaka na kuzima, inakonyeza bila wewe kugusa kitufe, hilo ni jambo jingine: kwenye Toyota nyingi hapo giaboksi inalalamika ina hitilafu. Mpelekee fundi mwenye mashine ya kusoma, asiwe yule wa grisi.)

Niwe mkweli, dalali wangu hakuwa mwongo mtupu. Ukiwa kwenye mwendo, ukabonyeza kile kitufe na taa ikawaka, gari kweli linashtuka na kuvuta. Mtu aliyelisikia hilo kwa mgongo wake, huwezi kumwambia kitu. Ila ule mvuto umetoka kwenye gia ya tatu. Ovadraivu imeondoka, tatu imeingia, injini imepanda resi (mizunguko yake kwa dakika), gari limevuta. Yaani anaisifia ovadraivu kwa kazi iliyofanyika baada ya yeye kuifukuza. Na kwa kulipita lori wala kitufe hakihitajiki. Ukikanyaga mafuta hadi chini giaboksi inashuka gia yenyewe, ukilegeza inarudi.

Kitufe kina mahali pake, na mahali hapo ni mlimani. Ukipanda Kitonga ukiwa umejaza watu na mizigo, utasikia gari limeingia nne, limeshindwa, limerudi tatu, limejaribu tena nne. Kila mabadiliko hayo yanachemsha mafuta ya giaboksi, na giaboksi ya zamani inauawa na joto kuliko kitu kingine. Hapo izime ovadraivu, likae tatu litulie. Ukishuka Kitonga kuja Dar, izime pia, na pakiwa pakali zaidi shusha hadi 2, ili injini ikushikilie gari na breki zipumue.

Hapo kwenye kushuka ndipo wanapojitokeza wale wa kuweka nyutro, au "fri" kama wanavyosema wengine, kwa madai hayohayo ya kusevu mafuta. Zamani za kabureta walikuwa na hoja kidogo. Kwenye injini ya EFI, ile inayopulizia mafuta kwa amri ya kompyuta, hoja imekufa: ukitoa mguu kwenye mafuta huku gari likiwa kwenye gia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta inakata mafuta kabisa mpaka resi ikaribie ya chini. Ukiweka nyutro, injini lazima inyweshwe ili isizimike. Kwa hiyo aliyeweka fri anakunywa mafuta zaidi ya aliyeacha gia, na juu ya hapo amebaki na breki peke yake kwenye mteremko ambao umeshayashinda malori mengi.

Jambo moja zaidi, maana nimeona watu wakitupa hela hapa. Injini ikiwa baridi, kompyuta kwenye magari mengi haikubali kuingia ovadraivu mpaka maji yapate joto. Dakika za kwanza za asubuhi hilo ni sawa. Lakini mafundi wetu wana mtindo wa kung'oa thamostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, "haina kazi, nchi yetu ya joto." Basi unakuta gari la watu liko barabara kuu, upepo unaipuliza rejeta, injini haichemki vizuri, na giaboksi inakataa nne safari nzima. Taa haijawaka, kitufe hakijaguswa, mafuta yanakwisha. Mwenye gari analaumu giaboksi, ananunua nyingine ya mtumba, nayo inakuja na tatizo lilelile. Thamostati ni bei ya nauli ya mkoani.

Turudi kwa shemeji. Sikumpa maelezo yote hayo. Mtu akiwa kwenye usukani hafundishwi. Nilimwomba tu aangalie mshale wa resi, halafu abonyeze kile kitufe mara moja asiongeze wala kupunguza mafuta. Tulikuwa spidi 90 hivi na mshale ulikuwa umeipita 3, yaani mizunguko 3,000. Akabonyeza. Taa ikazimika, kikapita kimya cha nusu sekunde, mshale ukateremka taratibu ukakaa katikati ya 2 na 3. Ile kelele ikaisha, tukaanza kuisikia redio. Hakusema kitu mpaka Mikese.

"Sasa hapa ndiyo nimeizima au nimeiwasha?"

"Umeiwasha, shem. Ukiona kimya, ipo."

Juzi alikwenda Iringa na gari lake mwenyewe. Wakati wa kurudi alisimama Ilula kununua nyanya, akanitumia ujumbe: "Nakaribia Kitonga, naweka OD." Nikamjibu, "Unaitoa, shem. Taa itawaka." Akaandika, "Ndiyo hiyohiyo." Si hiyohiyo, lakini gari lake litashuka salama, na neno tutalirekebisha akifika na nyanya.