Topido mezani: tunayoyakosea kuhusu dadu ya kukwepa

Jumamosi iliyopita, hapa Milimani, Kisumu, mchezo wetu wa mezani wa manowari ulisimama karibu nusu saa kwa ajili ya dadu ya kukwepa, ile inayoamua kama topido imeikosa meli. Kruza moja, manowari ya ukubwa wa kati, ilikuwa imefyatuliwa topido nne, yaani makombora yanayosafiri chini ya maji, kila moja ikihitaji sita ili igonge. Mwenye kruza alikata tamaa kabla dadu hazijarushwa: “Nne juu ya sita ni thuluthi mbili, ndugu zangu. Nimeshazama.”

Hesabu hiyo naisikia kila mara, nayo ina kosa. Nafasi za topido hazijumlishwi. Zingejumlishwa, topido sita zingegonga kwa hakika, na yeyote aliyecheza ludo anajua unaweza kurusha mara kumi ukiitafuta sita ya kutoka nyumbani na usiione. Kinachohesabiwa ni nafasi ya zote nne kukosa: 5/6 izidishwe kwa yenyewe hadi zitimie nne, unapata 625 kati ya 1296. Kruza ile ilikuwa na karibu asilimia 48 ya kupita salama. Hapo mtu hana sababu ya kukata tamaa.

Ndugu yake kosa hilo ni lile la “nimekwepa tatu, ya nne lazima inipate.” Dadu haikumbuki chochote. Ya nne ina sita ile ile moja kati ya nyuso sita.

Wengine hudhani kuongezewa moja kwenye dadu ni nafuu ile ile popote. Kwa dadu moja, kweli, kila nyongeza ni uso mmoja zaidi, alimradi nyuso bado zipo. Kwa dadu mbili mambo hubadilika. Ukihitaji 11 au zaidi, nyongeza ya moja inakutoa njia 3 hadi 6 kati ya 36, yaani maradufu. Ukihitaji 7 au zaidi, inakutoa 21 hadi 26. Kwa hiyo anayetunga sheria za nyumbani aamue kwanza ni dadu ngapi, ndipo agawe nyongeza.

Sasa lile linalonigusa zaidi. Wapo wanaosema anayegeuza meli na kukimbia topido ni mwoga, asipewe nafuu yoyote. Tarehe 31 Mei 1916, kwenye mapigano ya Jutland kati ya Waingereza na Wajerumani, Admirali John Jellicoe wa Uingereza aliamuru manowari zake zizipe topido tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli, na katika shambulio lile hakuna hata moja iliyogonga. Sababu yake ni hesabu. Topido ikienda maili 45 za baharini kwa saa, nawe ukiikimbia kwa 20, inakukaribia kwa 25 tu. Huenda ikaishiwa nguvu kabla ya kukufikia. Ukiielekea, mnakutana kwa 65: muda wa kujirekebisha ni mfupi, ila umeionyesha omo, yaani sehemu ya mbele, iliyo nyembamba, badala ya ubavu mzima. Zote mbili ni njia halali, zote zistahili nyongeza. Bei ya kukimbia ilipwe kwingine: Jellicoe alipogeuka, Wajerumani walipata mwanya wa kutoweka, na alilaumiwa kwa miaka mingi. Mezani, anayekimbia apoteze umbali na shabaha. Dadu yake iachwe.

Na si kweli kwamba meli kubwa haikwepi. Repulse, manowari ya Waingereza, ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 240, na tarehe 10 Desemba 1941, karibu na pwani ya Malaya, Kapteni William Tennant aliikwepesha topido nyingi za ndege za Japani. Ilizama iliposhambuliwa kutoka pande mbili kwa pamoja, kwa kuwa ukiigeuzia omo topido ya kulia, ile ya kushoto inaweza kukuta ubavu. Ndiyo maana sisi tumeandika hivi: zikija kutoka pande mbili katika zamu moja, mwenye meli achague upande mmoja wa kukwepa kwa nyongeza, na atangaze kabla ya kurusha. Upande wa pili arushe dadu tupu, bila nyongeza.

Kwa wanaoandaa pambano la Karungu la mwaka 1914, kwenye ziwa letu hili: Muansa ya Wajerumani ilikuwa boti dogo la kuvuta meli, silaha yake mzinga mdogo. Topido zibaki sandukuni.