Raha ya Mpira wa Blada: Dhana Potofu Kuhusu Maisha Mepesi

Dhana: Maisha mepesi, yaani ya vitu vichache na raha ndogondogo, ni umaskini uliopewa jina zuri.

Umaskini wa Nairobi hauna wepesi wowote. Anayenunua mafuta ya kupimiwa, unga wa kadogo na maji ya mtungi wa lita 20 mara nyingi hulipa zaidi kwa kila kilo na kila lita kuliko mwenye mfereji jikoni anayenunua unga kwa robota. Juu ya hayo, kutwa anapiga hesabu ambazo mwenzake hazimpiti hata akilini. Kumwambia mtu huyo aridhike na kidogo ni kumtukana. Maisha mepesi ni shauri la aliye na cha kupunguza: anayelipia vitu asivyovitumia na kujaza wikendi kwa shughuli asizozipenda, halafu anashangaa mbona hacheki.

Dhana: Kucheza kunataka vifaa, na mtu mzima anayecheza hana kazi.

Hapa tukae kidogo. Mpira wa dukani huja umekamilika. Wa kutengeneza huipa mikono kazi, kisha unakwenda mrama ukiupiga, na kicheko kinatoka hapohapo. Wengi waliokulia Nairobi waliuunda kwa majuala, lakini mifuko hiyo ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Karatasi, vitambaa na blada, yaani tyubu ya ndani ya tairi la baiskeli, vinatosha.

Chukua kurasa 6 za gazeti kuukuu. Ifinyange ya kwanza, izungushie ya pili, uendelee hivyo mpaka upate donge la ukubwa wa chungwa. Pasua fulana iliyochakaa iwe tepe za upana wa vidole vitatu, uviringishe ukivuta kwa nguvu hadi ufikie ukubwa wa nazi iliyofuliwa. Tia donge ndani ya soksi ndefu, sokota shingo ya soksi, kisha igeuze irudi kulifunika mara ya pili.

Sasa blada. Muombe fundi wa baiskeli tyubu isiyozibika tena, nyingi anazitupa. Kata kipande chenye valvu ukiondoe, halafu ikate tyubu kwa makasi ukiizunguka kama anayemenya chungwa bila kukata ganda, upana wa sentimita 1. Tyubu moja ya baiskeli ya mtu mzima hutoa utepe wa zaidi ya mita 10. Uzungushe juu ya soksi, na kila baada ya mizunguko mitatu geuza mpira robo. Mwisho wa utepe upenyeze chini ya mikanda mitatu iliyokwisha kukazwa. Fundo la nje hufunguka kwa teke la kwanza.

Mpira ukitoka umbo la yai, ulizungusha upande mmoja tu. Ukilegea kabla hamjatoka jasho, vitambaa havikuvutwa. Ukiumiza vidole vya miguu, blada imezidi: punguza. Wakati wa masika ya Aprili acha karatasi kabisa, utie vitambaa vitupu, kwa sababu gazeti likinywa maji mpira huwa mzito na hunuka.

Kwa mchezo wa kati hamhitaji uwanja. Watu watatu wanatosha: wawili warushe, mmoja akwepe katikati. Hapo tengeneza mpira mdogo wa soksi bila blada, usiumize mtu. Mchezo huharibika watu wakianza kugombania matokeo, au mmoja akisimamisha wenzake ili apige video. Kuhusu aibu, hiyo haichukui muda: watoto wa ploti wakiona mpira, utajikuta umewekwa golini kabla hujaulizwa umri.

Dhana: Kwanza toa kila kitu ndani ya nyumba.

Tunaujua mzunguko huu: Jumamosi hii magunia matatu yanagawanywa, Jumamosi ijayo mwenyewe yuko soko la mitumba la Toi akinunua vikapu vya kupangia vilivyobaki. Nyumba tupu haimchekeshi mtu.

Katoni moja inatosha. Tia usichokuwa na hakika nacho, andika tarehe ubavuni, funga kwa selotepu, pandisha juu ya kabati kwa siku 60. Ukikihitaji kitu, kitoe kirudi kazini. Vilivyobaki siku zikiisha vigawe bila kuvichambua upya, maana ukifungua utavirudisha vyote. Vyeti, dawa na sweta visiingie humo. Sweta huonekana mzigo mwezi wa Januari. Julai ya Nairobi itakukumbusha kwa nini ulikuwa nalo.

Dhana: Raha yenyewe inasubiri safari kubwa.

Mwaka 1978 watafiti wa Marekani waliwalinganisha washindi 22 wa bahati nasibu ya jimbo la Illinois na watu 22 wasioshinda. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha kubwa zaidi kwa kiasi cha kutajika, na mambo ya kila siku, kama kuzungumza na rafiki au kusikia mzaha, yaliwapa raha kidogo kuliko wenzao. Ni watu wachache, lakini jambo lenyewe tunalijua: akili huzoea kikubwa, kisha kidogo kinapoa.

Kwa hiyo dakika 20 za kucheza au kutembea mara nne kwa wiki ni bora kuliko safari moja ya Naivasha ya kukopea. Jua letu hutua kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja jioni mwaka mzima, basi ukitoka kazini saa kumi na moja una nafasi. Bustani ya Jeevanjee iko katikati ya mji tangu 1906. Uhuru Park bado ina nyasi kwa sababu mwaka 1989 Wangari Maathai aliupinga mnara wa ghorofa 60 mpaka ukashindikana. Oktoba, pita chini ya mijakaranda, uokote maua. Hakuna zaidi ya hapo.

Dhana: Tupa simu.

Nauli, kodi na tokeni za stima ziko ndani yake, huitupi. Zima arifa zote isipokuwa simu za kupigiwa na ujumbe mfupi, ili M-Pesa isikupite. Kuanzia saa moja jioni hadi saa tatu iwe kwenye droo ya jikoni, sauti ikiwa juu. Siku za mwanzo mkono utawasha na utachoka kwa kukosa la kufanya. Wengi hukosea hapo kwa kuwasha televisheni. Mtoto aliyekosa la kufanya ndiye anayegeuza kifuniko cha sufuria kuwa usukani, kwa hiyo uchovu huo uache ukae.

Dhana: Ukifanya haya na bado husikii raha, hujajitahidi.

Asiyefurahia chochote, hata alivyovipenda zamani, karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, huenda ana sonona. Huo ni ugonjwa, na unatibika. Mpira na katoni vingoje: aende kituo cha afya, aseme hasa kwamba raha imemtoka na ni tangu lini, na kama halali wala hali, aseme hilo pia.